Joto la kulungu: kinachoharibu nyama ya mawindo kabla haijafika nyumbani

Mwulize mwindaji wa Minnesota, jimbo la baridi kaskazini mwa Marekani, kuhusu kulungu aliyempiga jioni ya Novemba, atakwambia: mpasue, mtoe matumbo, mning'inize gereji na ngozi yake, mwache wiki nzima. Mwulize wa Texas, kusini kwenye joto, swali hilohilo, atashtuka: mchune papo hapo, mkate vipande, mweke kwenye barafu kabla jua halijazama. Wa tatu atakuonya usiiguse nyama kwa maji. Wa nne ataleta mpira wa maji na kumwosha mnyama ndani mpaka maji yatoke meupe. Na mgeni wa mambo haya anabaki hajui amfuate nani. Waswahili wengi wanaoishi Louisville, Des Moines au Dallas ni wageni wa namna hiyo, maana Mkenya aliyezaliwa baada ya 1977, mwaka uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwake, hakuwahi kupata nafasi halali ya kuujifunza.

Wawindaji hao wanne hawapingani kama inavyoonekana. Wote wanashughulika na jambo moja: joto lililomo ndani ya mnyama linatoka kwa njia gani, na kwa kasi gani. Hali ya hewa ya kila mmoja imemfundisha jibu lake, naye amelifanya kuwa sheria ya dunia nzima.

Na jambo hili lina uzito, kwa sababu sifa mbaya ya nyama ya kulungu imetokana nalo. Watu husema inanuka, ina ukali wa porini, haifai bila siki na viungo vingi. Kulungu mkia-mweupe wa Marekani anayekula mahindi ya mashambani, majani na mbegu za mialoni ana nyama safi, nyekundu, isiyo na mafuta mengi. Ni kweli kwamba chakula cha mnyama huacha ladha yake, na dume aliye katika msimu wa kupandana hubeba harufu yake mwenyewe. Lakini uvundo ule unaomfanya mtu aape hataionja tena, kwa sehemu kubwa, umetengenezwa na binadamu katika saa chache za kwanza.

Joto linakaa wapi

Mwili wa kulungu hai una joto la nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Moyo ukisimama, damu iliyokuwa ikisambaza joto na kulipeleka kwenye ngozi lipotee hewani nayo inasimama. Joto linabaki lilipo. Zaidi ya hapo, kulungu ni mcheuaji kama ng'ombe na mbuzi: tumbo lake kubwa limejaa majani na vijidudu vinavyoyachachusha, na vijidudu hivyo havifi pamoja naye. Vinaendelea kuchachusha, kutoa gesi na kuongeza joto, ndiyo maana mnyama aliyeachwa bila kupasuliwa huvimba. Nje yake kuna ngozi yenye manyoya ya msimu wa baridi, ambayo kila unywele una uwazi wa hewa ndani. Manyoya yaliyomkinga na theluji akiwa hai ndiyo yanayozuia joto kutoka akiwa amekufa.

Bakteria wa utumboni hustawi sana katika joto hilohilo la mwili. Wakipata mazingira mazuri, baadhi yao huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu ya makaratasi, mmoja anakuwa zaidi ya milioni mbili ndani ya saa saba. Nyama ikishuka chini ya nyuzi 4, ambazo kwenye vipimajoto vya Marekani ni 40 za Farenhaiti, kasi hiyo inapungua sana. Kazi yote ya mwindaji, tangu mnyama aanguke, ni kuitoa nyama kwenye 38 na kuifikisha karibu na 4.

Kinacholeta ugumu ni unene. Muda wa joto kutoka katikati ya kipande cha nyama haupandi sambamba na unene wake. Unapanda kwa mraba wa unene. Kipande chenye unene mara mbili kinahitaji takriban muda mara nne. Ndiyo maana mbavu hupoa upesi na mguu wa mbele hausumbui, ilhali paja la nyuma ni kama ugali uliopoa juu huku katikati bado unachoma. Ukiligusa kwa nje utasema limepoa. Ndani, kwenye kiungo cha nyonga na kando ya mfupa wa paja, joto linaweza kukaa kwa saa nyingi, na hapo hakuna hewa ya oksijeni. Bakteria wasiohitaji oksijeni hupapenda. Nyama inaanza kuoza kutoka mfupani kuja nje, na mwenyewe hajui mpaka siku ya kukata.

Kabla ya kisu

Nusu ya usafi wa nyama huamuliwa na risasi au mshale. Mnyama aliyepigwa mapafu au moyo kwa kawaida haendi mbali, na damu yake humwagikia kifuani, inatoka yote akipasuliwa. Aliyepigwa tumboni anachafua nyama kwa ndani kabla hujamfikia. Mbaya zaidi, anakimbia, na ukimfuata haraka anazidi kukimbia. Mnyama aliyehangaika muda mrefu humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli yake, ile glaikojeni. Akifa, misuli inashindwa kutengeneza asidi ya laktiki ya kutosha. Kwa kawaida pH ya nyama (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imeongezeka) hushuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 au 5.7, na asidi hiyo yenyewe ni kinga dhidi ya bakteria. Isiposhuka, nyama inabaki nyeusi-nyeusi, yenye kunata, na inaharibika upesi.

Hapa kuna mtego ambao hakuna ushauri wa kuutatua kikamilifu. Wawindaji wenye uzoefu husema mnyama aliyepigwa tumboni aachwe kwa saa kadhaa, alale na kufia karibu, kuliko kumsukuma akapotea. Ni kweli. Usiku wa nyuzi 2, kusubiri hadi asubuhi hakuigharimu nyama sana. Usiku wa Septemba wenye nyuzi 20, kusubiri hadi asubuhi mara nyingi ni kuiaga nyama. Kwa maoni yangu dawa ni moja tu, nayo hutangulia: usifyatue kama huna uhakika wa kifua, hasa siku za joto.

Kwa Mwislamu kuna jambo la kukumbuka hapo hapo. Bismillahi husemwa wakati wa kufyatua, na ukimfikia mnyama bado ana uhai, achinjwe. Ukimkuta amekwisha kufa, kumkata koo hakutatoa damu ya maana, kwa sababu moyo haupo kazini kuisukuma. Damu inatoka kwa kukifungua kifua.

Kupasua

Mlaze chali, kichwa kielekee upande wa juu wa mteremko. Bana ngozi ya tumbo chini ya kidari, iinue, toboa tundu dogo. Ingiza vidole viwili vya mkono wa pili chini ya ngozi, kisu kiwe katikati yao makali yakitazama juu, kisha tembea nacho polepole kuelekea nyonga huku vidole vikisukuma matumbo chini. Makali yakitazama chini, yatachana tumbo, na majani mabichi yaliyochachuka yatamwagika juu ya nyama. Nyuma, zungusha ncha ya kisu kuzunguka njia ya haja kubwa mpaka mwisho wa utumbo ulegee, uufunge kwa kamba. Kibofu kiondolewe kwa mkono mwepesi. Kata kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, upandishe mkono hadi shingoni, ukate koromeo na umio mbali kadiri mkono unavyofika, halafu vuta. Vyote hutoka pamoja. Mgeuze kifudifudi damu imwagike.

Watu wengi husahau koromeo na umio. Vikibaki shingoni, na mabaki ya chakula ndani yake, nyama ya shingo huchacha mapema. Sehemu nyingine ya kuangalia ni miguu ya nyuma, ndani ya kiungo cha katikati, penye tezi zenye manyoya ya kahawia yaliyokolea. Dume hukojolea tezi hizo wakati wa kupandana. Hazihitaji kukatwa, zinahitaji kuachwa. Ukizishika kisha ukashika nyama, umeihamisha harufu kwa mkono wako.

Ukishamaliza, weka kijiti kati ya mbavu kifua kibaki wazi, na mpeleke kivulini. Siku yenye hewa kavu ya nyuzi 3 au 4, hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya joto.

Ngozi na maji

Sasa tunaweza kurudi kwa watu wa Minnesota na Texas. Ngozi huzuia joto lisitoke, lakini pia huzuia nyama isikauke, isichafuke na isiguswe na inzi. Kama nje ni nyuzi 0 hadi 4 na tumbo limekwisha kufunguliwa, joto litatoka kwa ndani, na ngozi inakuwa mlinzi. Kama nje ni nyuzi 15, ngozi ni adui na inapaswa kuondoka mara moja. Katikati ya hapo angalia usiku utakuwaje, si mchana. Mimi nikiwa na shaka ningechuna. Nyama iliyokauka juu hupunguzwa kwa kisu unene wa kadi. Iliyooza ndani haina pa kupunguzia.

Ugomvi wa maji nao huisha ukitazama kitu kimoja: unyevu. Maji safi hayana kosa, bali nyama inayobaki imelowa ndiyo yenye kosa, kwa sababu bakteria wanataka unyevu na joto kwa pamoja. Nyama kavu hujenga utando mgumu juu, mwembamba, ambao ni kinga nzuri. Kwa hiyo mnyama aliyepasuliwa vizuri hahitaji kuoshwa. Damu na manyoya hufutwa kwa kitambaa. Aliyemwagikiwa na uchafu wa tumbo, kata sehemu iliyochafuka, osha kwa maji ya kunywa, kisha mkaushe kabisa. Maji ya kijito yana vijidudu vyake, yaache.

Barafu

Texas huanza msimu wa bunduki Novemba, na Kentucky hufungua msimu wa mishale mwanzoni mwa Septemba, wakati mchana unaweza kupita nyuzi 30. Huko hakuna gereji ya kuning'iniza mnyama. Kuna sanduku la barafu, na hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu.

Tuchukue kilo 25 za nyama. Kuishusha kutoka 38 hadi 4 ni kuondoa karibu kilojuli 3,000 za nishati ya joto. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilojuli 334. Gawanya, unapata kilo 9 za barafu ambazo zitayeyuka zote kwa kazi hiyo tu. Hapo hujahesabu joto linaloingia kupitia kuta za sanduku, kila unapofungua kifuniko, wala safari ya saa sita kurudi nyumbani. Mfuko mmoja wa barafu wa kituo cha mafuta hautoshi. Uzito wa barafu ulio sawa na uzito wa nyama ni mwanzo mzuri, na barafu iongezwe kila inapopungua.

Barafu ikiyeyuka inakuwa maji, na nyama inayoogelea kwenye maji ya damu inapauka na kubeba vijidudu kutoka kipande kimoja hadi kingine. Afadhali ugandishe chupa za maji nyumbani, au uiache barafu ndani ya mifuko yake iliyofungwa. Kama ni barafu tupu, inamisha sanduku na fungua tundu la kutolea maji. Panga tabaka la barafu, tabaka la nyama, tabaka la barafu, paja likiwa chini mahali penye baridi zaidi. Nyama ikae ndani ya mifuko ya kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa mpaka ipoe. Nyama ya moto kwenye mfuko mweusi wa takataka, nyuma ya pikapu, juani: hakuna njia fupi zaidi ya kuiharibu, na bado naiona kila msimu.

Kama gari liko mbali, kuna njia ya kutolifungua tumbo kabisa. Mnyama huchunwa upande mmoja, mguu wa mbele na paja hutolewa, nyama ya mgongo huchanwa kando ya uti, kisha hugeuzwa upande wa pili. Steki mbili laini zilizo ndani ya kiuno hutolewa kwa mkono kupitia upenyo ulio nyuma ya ubavu wa mwisho. Vipande hutundikwa kivulini upepo uvipitie. Njia hii hushinda kwa sababu inashambulia unene wenyewe. Akili hiyohiyo imo ndani ya kimoro cha Tanzania na nyama ya moshi ya Kongo: pasipo na baridi, nyama hufanywa nyembamba kisha ikakaushwa. Lakini kukausha pekee hakuui kila kitu. Mwaka 1995 huko Oregon watu waliugua kwa bakteria aina ya E. coli O157:H7 waliotoka kwenye nyama ya kulungu iliyokaushwa nyumbani. Ukikausha, ipitishe kwanza kwenye joto la nyuzi 71.

Kupoza haraka mno

Baada ya kusisitiza haraka kote huku, lazima niseme kwamba nyama inaweza pia kupozwa mapema mno. Misuli haifi pamoja na mnyama. Kwa saa kadhaa bado ina nishati ya kujikunja. Ikishushwa chini ya nyuzi 10 wakati nishati hiyo ingali imo, inajikunja kwa nguvu na kubaki hivyo, na hakuna jiko litakaloilainisha kirahisi. Nyama iliyotolewa kwenye mifupa papo hapo na kuzikwa kwenye barafu ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa hakuna kinachoishikilia isijikunje. Iliyogandishwa kabla ya kukakamaa, ule ugumu wa misuli unaokuja baada ya kifo, ni mbaya zaidi: ikiyeyuka inajikunja na kutoa maji mengi.

Ndiyo maana mwindaji wa Minnesota, siku ya nyuzi 15 chini ya sifuri, hafanyi makosa kuacha ngozi. Anazuia baridi isiivamie nyama kabla ya wakati wake. Na ndiyo maana wa Texas anafaidika akiacha mapaja na mifupa yake kwenye barafu usiku wa kwanza, akasubiri kesho kutoa mifupa. Kukakamaa kukishapita, kwa kawaida baada ya saa 12 hadi 24, vimeng'enya vya misuli yenyewe huanza kulegeza nyuzi za nyama. Siku nne hadi saba kati ya nyuzi 1 na 4 huleta tofauti unayoisikia mdomoni. Pasipo na uhakika wa kiwango hicho, usijaribu. Nikilazimika kuchagua kati ya nyama ngumu na nyama ya mashaka, nachagua ngumu bila kufikiri. Ngumu itachemshwa taratibu kwa nazi na itakubali.

Siku ya kukata, ondoa mafuta yote ya kulungu. Ni magumu, hung'ang'ania kwenye ulimi, na hata kwenye friza huchacha kabla ya nyama.

Risasi na ugonjwa

Mambo mawili hayatatuliwi na baridi. Risasi ya madini ya risasi ikipiga hupasuka vipande vidogo visivyoonekana, ambavyo husambaa mbali na jeraha, na madini hayo ni sumu. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota iliyashauri maghala ya chakula cha msaada kuondoa nyama ya kulungu iliyotolewa na wawindaji kwa sababu hiyo. Kata nyama nyingi kuzunguka jeraha, na kama nyumbani kuna watoto wadogo au mjamzito, tumia risasi za shaba.

La pili ni ugonjwa wa kukonda wa kulungu, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Unasababishwa na prioni, protini zilizokunjika vibaya, ambazo haziuawi kwa kupika wala kugandisha. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri mnyama kutoka maeneo yenye ugonjwa apimwe, na akikutwa nao asiliwe. Usikate ubongo wala uti wa mgongo, na soma sheria za jimbo kabla ya kuvusha kichwa au mifupa mpakani.

Ukipewa nyama

Nyama ya kulungu wa porini hairuhusiwi kuuzwa Marekani, kwa hiyo huzunguka kwa kupeana: mfanyakazi mwenzako anakuletea paja, jirani anakuletea mfuko. Wengi wetu tutaipata hivyo, si kwa bunduki. Muulize bila aibu mnyama alipigwa saa ngapi, alipatikana saa ngapi, na siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje. Mwindaji mzuri hupenda maswali hayo. Kama ni paja lenye mfupa, chomeka kisu chembamba hadi kiguse mfupa karibu na nyonga, kichomoe, kinuse pale pale. Kikinuka damu safi au hakinuki kitu, lipokee. Kikitoka na harufu ya uchachu, au ukipasua ukaona rangi ya kijani-kijivu kando ya mfupa, usijaribu kuliokoa kwa siki na tangawizi. Sehemu hiyo itupwe, na kama uharibifu umeenea, litupwe lote.